Mgao wa Kumbukumbu

Alhamisi, 4 Oktoba 2001. Masasi

Seva imefika. Imeshushwa kwenye Land Rover ikiwa imeviringishwa mablanketi mawili, wanaume sita wameibeba, na mimi peke yangu ningeiweza. Mwenyekiti wetu, Mzee Cuthbert, ameihutubia. Jamani, mtu mzima kabisa ameliambia sanduku la chuma, "Karibu Masasi, jisikie nyumbani."

Naanza shajara hii kwa sababu moja. Kwenye Umoja wetu wa Wakulima wa Makondeni, jambo likiharibika, baada ya mwezi utasikia kila mtu alikuwa safarini. Mimi Yasinta, karani wa kompyuta, mama yake Skola, mzaliwa wa Lukuledi, sikuwa safarini. Msimu huu wote nipo.

Mafundi wa Dar walioileta wamesema mambo mawili. La kwanza, mashine hii ni ya hifadhidata peke yake, yaani majina ya wakulima wote wa Masasi na Newala na kila gunia watakaloleta. Tusiichanganye na barua za ofisi wala muziki. La pili ni sharti la wafadhili: msimu huu hakuna risiti ya mkono. Gunia lisilo na karatasi ya mashine haliingii ghalani.

Jumamosi, 6 Oktoba

Umeme hakuna. Nimefuta vumbi.

Jumanne, 9 Oktoba

Leo nimefanya kazi niliyosomea, nadra sana hapa.

Mashine ina kumbukumbu ya megabaiti 256. Swali ni moja: hifadhidata niipe ngapi? Ukiinyima, kila jina inalolihitaji inalifuata kwenye diski, na kwa mashine diski ni mbali. Ukiipa kupita kiasi, mashine yenyewe inakosa pa kupumulia. Inaanza kuhamishia vitu vyake diskini, inavirudisha, inavihamisha tena, na hapo kila kitu kinatambaa. Kwenye mashine ya kazi nyingi ungekuwa mchoyo. Hii ni ya kazi moja, kwa hiyo unaweza kuwa mkarimu, lakini ukarimu nao una mpaka.

Nimeijaribu kwa 128. Inakwenda, ila makarani wanne wakiuliza kwa pamoja inasitasita. Nikaipa 192. Karani mmoja anaiona inaruka. Wakiingia wanne, kila mmoja naye anamega chake, na taa nyekundu ya diski inawaka haizimi. Nikashuka mpaka 160. Hapo ikatulia. Tisini na sita zimebaki kwa mashine yenyewe na makarani wake.

Nimeandika 160 na nimejinunulia soda. Hakuna mwingine wa kuninunulia.

Jumapili, 14 Oktoba

Nimetoka Lukuledi kwa mama. Baada ya misa nimemkuta ameanika korosho uani, ua mzima, na harufu ya mabibo imejaa mpaka jikoni. Stamili yupo kizingitini na bakuli lake. Stamili ni mtoto wa jirani, na siku hizi za soko huria anafanya kangomba: anapita nyumba kwa nyumba, anapima korosho kwa bakuli, bakuli lenyewe tumbo kubwa, na bei anapanga yeye.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Nataka nimwachie Stamili nusu," mama akasema.

"Usimpe hata moja. Mwaka huu lete zote kwetu. Mashine ikisoma jina lako tu, magunia yanaingia ghalani siku hiyo hiyo."

Stamili akacheka. "Dada Yasinta, chama kimeanza lini kuwa na haraka?"

Mama akaniangalia. Lazima niseme kuhusu jina hili. Miaka yote shamba lililimwa na mama, likapaliliwa na mama, mikorosho ikapuliziwa salfa na mama, na kwenye vitabu vya chama liliandikwa jina la baba. Baba amefariki mwaka juzi. Machi mwaka huu, baada ya maneno mengi na baba wadogo, mama ameandikishwa yeye mwenyewe: Bibiana Chilumba. Nilipoliingiza jina hilo kwenye mashine wiki hii alikuja kwa basi kuliona. Alisimama mbele ya kioo cha kompyuta, akaomba nimsomee mara mbili.

"Unaniahidi?" akauliza.

"Nakuahidi, mama."

Stamili akachukua bakuli lake akaenda nyumba ya pili.

Alhamisi, 18 Oktoba

Bado nina hasira. Nitaandika kama ilivyokuwa.

Mkutano wa wajumbe. Nikaitwa kutoa ripoti ya mashine. Nikasimama na kanga yangu mpya, mjinga mimi, nikasema: "Waheshimiwa wajumbe, mashine ina kumbukumbu mia mbili hamsini na sita. Katika hizo, wakulima nimewapa mia na sitini."

Mzee Anwari akanyoosha mkono. Ni mjumbe wa Newala, mrefu, mkavu, kofia yake haivui. "Katika hizo mia na sitini, Newala ngapi?"

Nikacheka. Ukumbi mzima nikacheka peke yangu.

"Mzee, hazigawanywi hivyo. Ni kumbukumbu ya mashine tu."

"Kumbukumbu za nani ziko humo?"

"Za wakulima wote."

"Basi nauliza, za Newala ngapi?"

Akainuka Barnaba, mjumbe wa Masasi, ambaye hajawahi kuona Newala ikiomba kitu na yeye asikitake. Akasema makao makuu ni Masasi, umeme ni wa Masasi, kwa hiyo Masasi ipate kumbukumbu zaidi. Newala wakapiga meza. Mmoja akasema korosho nyingi zinatoka juu Makondeni, kwa hiyo wao ndio wazidi. Mwingine, bila aibu, akauliza kama zilizobaki tisini na sita nimewawekea ndugu zangu wa Lukuledi.

Nikamtazama Mwenyekiti. Mzee Cuthbert alikuwa mwalimu wangu wa hesabu, na wiki iliyopita nilimweleza habari hii yote ofisini kwake, akaielewa vizuri mpaka akaniuliza maswali ya maana. Nikajua atawanyamazisha. Akajikohoza, akasema: "Haki itendeke. Zigawanywe nusu kwa nusu. Newala wawe na hifadhidata yao, Masasi yao."

"Nusu ya mia na sitini, Mwenyekiti?"

"Nusu ya zote."

"Mwenyekiti, mashine yenyewe ibaki na nini?"

Mzee Anwari hakuinuka hata kwenye kiti. "Mashine imelima wapi?"

Makofi! Loo, makofi yale. Watu walipiga miguu chini. Imepitishwa: Newala 128, Masasi 128, mashine sifuri.

Halafu, eti nisije nikapunja upande mmoja kwa siri, neno la kufungulia mipangilio ya mashine limegawanywa pia. Nusu ya kwanza anaijua Mzee Anwari, nusu ya pili Barnaba. Kila mmoja amekuja kuandika nusu yake kwa kidole kimoja, na mimi nimeambiwa nigeukie ukuta. Ofisini kwangu! Nimegeukia ukuta mara mbili.

Jumamosi, 20 Oktoba

Mzee Anwari amepata kiti pembeni ya seva. Amefikia kwa binamu yake, mtaa wa Mkomaindo, na anasema atakaa mpaka msimu uishe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mama Skola. Yetu ipo?"

"Ipo, mzee."

Akakaa. Mungu nipe subira.

Jumatatu, 22 Oktoba

Ghala limefunguliwa. Magunia machache. Mashine inakwenda vizuri tu, na Barnaba amepita kuniambia, "Umeona? Nyie wasomi mnapenda kutisha watu." Hajui kwamba hifadhidata haichukui mgao wake wote siku ya kwanza. Inajaza kidogo kidogo kadiri kazi inavyoongezeka. Nimemwambia, akaenda zake kabla sijamaliza.

Jumatano, 24 Oktoba

"Yetu ipo?" "Ipo, mzee."

Jumatatu, 29 Oktoba

Imeanza. Saa nne taa nyekundu imewaka, haijazima mpaka jioni. Karani anaandika jina la mkulima, anapiga miayo, jina linatokea. Wakulima wanaona mitambo mingi na watu wanne wamekaa, wanadhani tunawapuuza kwa makusudi.

Ijumaa, 2 Novemba

Nimegundua kwamba nikiizima na kuiwasha inakimbia kama saa moja hivi, kisha inajaa na kurudi kutambaa. Kwa hiyo naizima mara tatu kwa siku. Mara ya tatu leo ilikataa kuamka, nikaikalia kitako mpaka ilipoona haya.

Jumatatu, 5 Novemba

Nimewazuia makarani wawili kuwasha kompyuta zao, ili mashine ipate pa kuhemea. Imepata nafuu kidogo, na foleni imerefuka maradufu, maana sasa madirisha ni mawili. Unaziba huku, panatoboka kule.

Magunia yamejaza ua. Mengine yako nje ya ukuta, kando ya barabara. Wenyewe wanalala juu yake.

Alhamisi, 8 Novemba

Nimekwenda kwa Mwenyekiti. Nilibisha hodi nikiwa nimepanga maneno.

"Shikamoo, mwalimu. Mashine inakufa. Unajua kwa nini inakufa."

"Marahaba, Yasinta. Kaa. Najua."

Alisema hivyo hivyo. Najua. Nilikuwa nimejiandaa kumfundisha upya.

"Uchaguzi wa chama ni tarehe moja Desemba," akasema. "Nikiwanyang'anya Newala mgao wao leo, nimezikosa kura za Newala. Nikiwaachia wao nikawapunguzia Masasi, Barnaba atasimama dhidi yangu. Uchaguzi ukipita, tutarekebisha. Ni wiki chache tu."

"Na mvua, mwalimu?"

"Mvua za mwaka huu zitachelewa."

"Nani kasema?"

Akafungua faili. Nilipokuwa darasa la sita alinichapa kwa kugawanya kwa sifuri. Leo yeye amegawanya, akaibakizia mashine sifuri, na anajua. Ningekuwa na ubavu ningemchapa mimi.

Nimefikiria kuifumua mashine yote na kuipanga upya bila neno la siri. Ingebidi nifunge ghala kwa siku kadhaa na kuyahamisha majina yote, na kosa moja dogo lingeyapoteza. Sikuthubutu.

Jumatatu, 12 Novemba

Stamili yuko nje ya ukuta na bakuli lake, mchana kweupe. Watu wamechoka kusubiri, wanamwita wenyewe.

Jumamosi, 17 Novemba

Mfungo umeanza. Mzee Anwari amekuja vile vile, midomo imemkauka, akakaa.

"Shikamoo, mzee. Ramadhani njema."

"Marahaba, mwanangu. Yetu ipo?"

Leo nimeshindwa. "Ipo, mzee, ipo! Ipo pale pale inapooza! Magunia yenu ya Newala yana wiki mbili barabarani, wewe unauliza yetu ipo!"

Hakukasirika. Nilitaka akasirike. Alitazama ile taa nyekundu kwa muda mrefu kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, kama taa hiyo inawaka hivyo mchana kutwa.

Jumanne, 20 Novemba

Mama amekuja. Magunia kumi na moja, kwenye lori la misheni. Korosho kavu, nzuri, ukizitikisa zinalia. Amepata nafasi mbali, nje ya ukuta, nyuma ya watu wa Lisekese.

"Leo hii hii, ulisema," akaniambia, si kwa lawama.

"Kesho, mama. Keshokutwa sana."

Nyumbani kwangu hakutaka kuja. Atakaa na magunia yake. Nimempelekea ming'oko ya kuchemsha na chai.

Makarani walinikonyeza nimpitishe mbele. Nilisimama mlangoni nikawaza, na mbele yake wapo akina mama wengine, wazee kuliko yeye, wenye siku nyingi kuliko yeye. Sikumpitisha. Naandika hapa na nafsi yangu inaniambia, Yasinta, wewe ni bure kabisa.

Ijumaa, 23 Novemba

Leo nimezungumza na Mzee Anwari, na sijui nimhurumie nani.

Makarani walikuwa wamekwenda kula. Yeye amefunga, mimi sina hamu. Akasema, "Mama Skola, nieleze, na usicheke."

Nikamwambia: "Mzee, unaijua meza ya kuchambulia korosho?"

"Naijua."

"Korosho ziko ghalani. Unachukua debe, unamwaga mezani, unachambua, unarudisha. Meza ikiwa ndogo, unakwenda ghalani mara nyingi. Lakini ukiijaza meza yote korosho, huna pa kuweka hata mikono, unaanza kuzishusha chini na kuzipandisha tena. Tulichogawana siku ile ni meza. Ghala halijaguswa. Majina yote ya Newala yako ghalani, salama, na yangekuwa salama hata Newala ingepewa sifuri."

Akauliza: "Meza?"

"Meza, mzee."

"Ala! Kwa nini siku ile hukusema meza? Nani angegombania meza?"

Nikasema ndivyo inavyoitwa kwenye kozi, kumbukumbu.

"Wewe umezaliwa lini?"

"Sabini na moja."

"Basi ulikuwa mtoto. Zamani, chama kile cha kabla ya hiki, ofisi iliungua. Sisi tulishuka kutoka Newala kuulizia korosho zetu za mwaka mzima. Karani mmoja, kijana safi kama wewe, akatuambia: hapa hakuna kumbukumbu zenu. Tukarudi. Kaka yangu alikata mikorosho yake yote akachoma mkaa. Mwanamke msomi anasimama mbele yangu na kusema ana kumbukumbu mia mbili na hamsini na sita, ninyamaze?"

Mimi mwezi mzima nimemwita mzee huyu kizibo, kichwani kwangu. Nimekuwa nikimchukia asubuhi kwa asubuhi kama dawa ya kumeza. Mwenye kujua, mwalimu wangu, alikuwa amekaa ofisi ya mbele, na kiyoyozi.

"Nusu yangu ya neno nakupa sasa hivi," akasema Mzee Anwari. "Twende kwa Barnaba."

Jumamosi, 24 Novemba

Barnaba amekataa. Tumemfuata dukani kwake. Mzee Anwari amemweleza meza vizuri kuliko mimi, mpaka mke wa Barnaba akasema, "Mpe basi, Baba Emmanuel, si meza tu?"

Barnaba akasema bila ruhusa ya Mwenyekiti hafungui mdomo. Tukaenda kwa Mwenyekiti, wawili sisi. Mzee Anwari akasema, "Newala tunarudisha mgao wetu. Mimi nitawaambia wenzangu." Nilidhani hapo yamekwisha. Mzee Cuthbert akamshika mkono kwa heshima zote, akamwita mheshimiwa, akasema maamuzi ya mkutano hutenguliwa na mkutano, na mkutano ni tarehe moja.

Tulipotoka, Mzee Anwari akatema mate pembeni. "Kumbe pale kwenye seva nilikuwa nalinda kiti chake," akasema.

Jumapili, 25 Novemba

Mawingu upande wa Newala. Mama hakwenda misa. Anasema atasali pale pale.

Jumatatu, 26 Novemba

Joto. Wamepita vijana wa Mwenyekiti wamefungua maturubai yote ya ghala na kuyapakia kwenye trekta. Yanakwenda uwanjani, kuwekea kivuli wapiga kura wa Jumamosi. Nimewakimbilia, nimepiga kelele, mtunza ghala naye amepiga kelele. Wameonyesha karatasi yenye saini.

Mbele ya mama bado wapo watu wengi. Taa nyekundu.

Jumanne, 27 Novemba

Imenyesha.

Saa nane mchana kulikuwa na jua. Saa nane na nusu ulikuja upepo, vumbi likajaa ofisini, halafu tone moja moja kwenye bati, halafu hatukusikiana tena. Nilitoka mbio. Barabara nzima watu wanapiga yowe, wanaburuta magunia, wanayafunika kwa mikeka, kwa makoti, kwa majani ya migomba. Walinzi wamefunga geti, maana amri ni amri, gunia lisilo na karatasi haliingii. Mtunza ghala alikuwa analia kabisa, mwanamume mzima, anawaambia walinzi fungueni, nao wanamwambia wataachishwa kazi.

Mama alikuwa amepanda juu ya magunia yake. Ametandaza mkeka, juu ya mkeka kanga zake zote mbili, na yeye mwenyewe amelala juu yake kifudifudi, amefumbata kwa mikono. Ana gauni la ndani tu. Mama yangu, ana miaka sitini na nne, amelala barabarani na gauni la ndani mbele ya watu.

"Mama, shuka! Utapata homa!"

"Niache, lile la pembeni halijafunikwa!"

Nikaona mtu ameshika upande wa pili wa gunia hilo. Ni Mzee Anwari, kofia imempotea, kanzu imemgandama mwilini, na amefunga tangu alfajiri. Tuliliburuta sisi wawili mpaka kwenye kibaraza cha duka, tukarudi. Mengine tukashindwa kuyainua. Korosho ikishaloa inakuwa nzito mno. Maji yalikuwa yanapita chini ya magunia, mekundu, yakibeba taka.

Nilirudi ofisini nikiwa nachuruzika. Kwenye kioo kulikuwa na jina la mtu mmoja wa Lisekese, limefika nusu. Nilikaa nikaliangalia likimalizika kuandikwa.

Jumatano, 28 Novemba

Imenyesha.

Alhamisi, 29 Novemba

Imenyesha. Mama ana homa. Bado hataki kuondoka.

Ijumaa, 30 Novemba

Jua kali. Barabara nzima inanuka. Watu wameanika korosho juu ya lami na wanazigeuza kwa mikono, na kila mtu anajua hazitarudi zilivyokuwa. Stamili hachukui hata kwa bure.

Jumamosi, 1 Desemba

Uchaguzi. Mzee Cuthbert ameshinda, amepata kura Masasi na amepata Newala. Chini ya maturubai yetu amesema kwamba katika uongozi wake, kwa mara ya kwanza katika historia ya zao hili, Newala na Masasi zimegawana sawa kwa sawa. Wamemshangilia. Mzee Anwari alisimama aseme neno, akaambiwa muda umekwisha.

Kuhusu mvua amesema ni kazi ya Mungu.

Jumatatu, 3 Desemba

Barnaba amekuja mwenyewe asubuhi, anapiga mluzi. "Mwenyekiti kasema sasa hakuna shida." Akaandika nusu yake. Safari hii sikugeukia ukuta, nikamtazama usoni, kisha kidole chake, na neno lake nikaliona: ni jina la duka lake.

Hifadhidata nimezirudisha kuwa moja. Nimeipa 160. Nimewaita makarani wote wanne wawashe kompyuta zao. Taa nyekundu ikawaka, ikazima. Karatasi zikaanza kutoka. Foleni imeanza kukimbia, watu wa wiki tatu wamekwisha kwa siku moja, na hakuna aliyeshangilia.

Nimekwenda kwa Mwenyekiti nimemwambia, "Umeweza, mwalimu." Akadhani namsifu, akasema ahsante.

Jumatano, 5 Desemba

Leo ilikuwa zamu ya mama.

Mkaguzi alichukua korosho za kila gunia, akazipasua kwa kisu moja moja, akazipanga kwenye sinia. Ndani zimekuwa nyeusi, nyingine zina ukungu. Gunia lile moja tulilolifikisha kibarazani lilikuwa zuri. Akatingisha kichwa, akasema hawezi kuandikia gunia moja peke yake, mzigo ni mmoja. Daraja la pili, la korosho mbovu, yote kumi na moja.

Nilikaa mimi mwenyewe dirishani. Niliandika jina lake, likaja papo hapo. Nikaandika idadi, nikaandika daraja. Karatasi ikatoka.

"Imetoka upesi," mama akasema. Bado anakohoa.

"Ndiyo, mama."

"Siku ile niliyokuja, ingeweza kutoka hivi?"

Ningeweza kumdanganya. "Ingeweza."

Akaitikia kwa kichwa. "Nisomee."

Nikamsomea: Bibiana Chilumba, Lukuledi, magunia kumi na moja, daraja la pili.

"Hilo la pili limeandikwa pamoja na jina langu?"

"Ndiyo."

"Na mwakani litakuwapo?"

"Litakuwapo, mama. Haisahau."

Watu walikuwa nyuma yake wanasubiri, hakuna aliyemharakisha. Mzee Anwari alikuwa amesimama mlangoni na kofia mpya. Kwa mara ya kwanza tangu Oktoba hajaniuliza chochote asubuhi ya leo.

"Nitoe humo," mama akasema.

"Mama, ukitoka humo huwezi tena kuleta korosho hapa. Utarudi kwa Stamili na bakuli lake."

"Nimesikia. Stamili ananipunja, lakini haniandiki popote."

"Mama, hili jina tumelipigania."

"Nililipigania mimi," akasema. "Nitoe."

Akasogea karibu na kioo ili aone kwa macho yake. Nikalitafuta jina, nikaliwekea alama. Mashine ikaniuliza kama nina hakika. Nikabonyeza ndiyo, na haikuchelewa.